Sentimita 24

Chungwa la Muheza ukilitupa mtoni halizami, wala halirukiruki juu kama mpira. Sehemu kubwa inakaa ndani ya maji, kidogo tu inachungulia, kwa hiyo upepo haulipati. Ndiyo maana linafaa kupimia kasi ya maji kuliko chupa tupu. Nimefundisha fizikia miaka 31 katika sekondari za hapa Tanga na hilo nilikuwa nalijua vizuri sana, kwa mdomo. Siku ya kwanza kulitupa kweli nilikuwa mstaafu tayari, nimekunja gauni hadi magotini, nimesimama kwenye kijito cha kijijini kwetu juu milimani Amani, na mtoto wa kaka yangu yuko mita kumi chini yangu na saa ya simu mkononi.

"Achia, Shangazi!"

Nikaachia. Sekunde 16. La pili 17. La tatu lilinasa kwenye mzizi, hatukulihesabu, na watoto waliokuwa wakitutazama wakaliokota wakalimenya palepale. Tulitupa sita kwa jumla. Wastani sekunde 16 na nusu. Pale maji yalipokuwa yamenyooka, kijito kilikuwa na upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 35 hivi. Ukizidisha unapata lita 250 kwa sekunde na chenji.

Ilikuwa Aprili 2019, katikati ya masika. Ushike huo mwezi, maana makosa yangu mengi yanaanzia hapo.

Tulichotaka si kikubwa: umeme mdogo wa kijijini. Kijiji chetu kinaishi kwa viungo: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Upande ule wa Usambara Mashariki unapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyohiyo inayokuza iliki ndiyo inayoziozesha zikishavunwa, kwa sababu jua la kuanikia halipo. Mashine ya kusaga ilikuwa ya dizeli, na dizeli inapandishwa mlimani kwenye madumu kwa bodaboda. Mtoto wa kaka yangu ni fundi umeme. Alikuwa ameona mahali pampu ya kawaida ya maji ikiendeshwa kinyumenyume: badala ya umeme kusukuma maji, maji yanaisukuma pampu na mota inatoa umeme. Akaniambia, "Shangazi, pale kwenye maporomoko pana umeme unamwagika bure." Nikaingia mtegoni kwa hiari yangu.

Na sisi watu wa Tanga hili si jambo geni. Umeme wa maporomoko ya Pangani ulianza kufika mjini na kwenye mashamba ya mkonge tangu miaka ya 1930. Hale, kilowati 21,000, ni ya 1964. Pangani Mpya, kilowati 68,000, ni ya 1995. Wanafunzi wangu niliwapeleka Hale mara nyingi, wanatoka pale masikio yanavuma, kisha nawapa hesabu: maji kiasi gani, yanaanguka kutoka kimo gani, zidisha kwa 9.81, toa kinachopotea. Sasa hesabu ilikuwa yangu.

Kimo tulikipima kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wanaotumia mafundi ujenzi kusawazisha msingi. Unapanda nao hatua kwa hatua, mmoja juu, mmoja chini, unaandika. Tulipata mita 42. Rafiki yangu mmoja mhandisi alipoona daftari akacheka: "Mwalimu, chungwa linapita katikati juu, ambako maji yanakimbia. Chini na pembeni kwenye mawe yanatembea polepole. Zidisha kwa 0.7." Lita 250 zikawa 178. Hata hivyo, kwa mita 42, na tukikubali kwamba bomba, pampu na mota vitakula asilimia 40, zilibaki kilowati 44. Niliiandika namba hiyo kwa kalamu nyekundu nikaizungushia duara.

Kila niliyemuuliza alisema neno lilelile: "Anza na kibali cha awali." Mjini, kijijini, kwenye kahawa Ngamiani. Nikaenda kukitafuta hicho kibali cha awali kama mtu anayetafuta ofisi ya pasipoti, nikidhani kuna dirisha moja lenye fomu yenye jina hilo.

Marekani kibali hicho kweli kipo. Tume yao ya nishati inatoa karatasi moja ya namna hiyo kwa anayetaka kujenga mtambo wa maji, inadumu hadi miaka minne, na kazi yake ni moja tu: kukushikia nafasi. Haikupi ardhi, haikuruhusu kugusa hata jiwe. Inasema tu kwamba wakati unapima na kuchunguza, mwingine akija kuomba mahali hapohapo wewe umetangulia. Niliposoma nikakumbuka bomba la mtaani kwetu miaka ya themanini. Mtu anaweka ndoo yake kwenye foleni, au jiwe kama ndoo hana, anaenda kupika. Jiwe halina maji lakini lina nafasi. Na watu wanaliheshimu, isipokuwa wachache ambao kila mtaa unawajua.

Kwetu jiwe hilo linategemea ukubwa wa ndoo. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inatambua leseni ya muda, ambayo EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, humpa mwekezaji ili afanye uchunguzi na maandalizi kabla ya leseni yenyewe. Mtambo wa kijijini ulio chini ya megawati moja hauhitaji leseni hiyo. Niliposikia hivyo nilifurahi kama mtoto. Nikadhani nimepita. Kumbe kusamehewa leseni ya umeme hakukusamehei maji, wala ardhi, wala msitu, wala mazingira, na kila kimoja kina mwenyewe. Kibali cha awali cha mtu mdogo ni kifurushi cha barua ambazo hakuna anayekwambia ziko ngapi mpaka umekwama kwa kukosa mojawapo.

Tulianza na kijiji. Hapo angalau sikukosea, ingawa ilikuwa bahati zaidi kuliko akili. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na jambo kama letu linapita halmashauri ya kijiji kisha mkutano mkuu. Mtendaji alipanga mkutano siku ya Ijumaa baada ya sala, chini ya mwembe wa shule. Nilijiandaa na chati. Nilidhani wataniuliza kuhusu kilowati.

Mama mmoja alisimama, hakunitazama hata. Akawaambia wenzake: "Huyu ni wa pili. Wa kwanza alikuja na gari jeupe, akapiga picha maporomoko, akatusainisha karatasi. Karatasi ile iko wapi?" Hakuna aliyejua. Hata mtendaji, ambaye alihamia baadaye, hakuwa na nakala. Kijiji kilikuwa kimeshawahi kumwekea mtu jiwe kwenye foleni, na aliyeweka hakurudi, na hawakujua kama jiwe lile bado linashika nafasi au la.

Ilibidi tulimalize hilo kwanza. Muhtasari wa mkutano ule una kurasa nne, na karibu ukurasa mzima ni wa ile karatasi iliyopotea: kwamba kijiji hakitambui makubaliano yoyote ya zamani kuhusu kijito, na kwamba haya mapya yatakufa yenyewe baada ya miaka mitatu kama hatujajenga. Kipengele hicho cha mwisho alikitaka yule mama. Nilikiona kigumu. Sasa nikimwona mtu anaomba mto wa watu bila kikomo cha muda, namwona mwizi.

Barua ya pili ilitukata miguu. Banio letu, yaani pale tulipopanga kuyakinga maji, tulilichagua kwa kuangalia mawe: mwamba safi pande zote mbili, ukiweka ukuta mdogo tu maji yanatulia. Afisa misitu alikuja, kijana mpole, akaomba tutembee. Akafika pale, akasogeza majani kwa panga, akatuonyesha bikoni. Tulikuwa ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kwa kama mita 80. Nimezaliwa kijiji kile, nimeokota kuni pale utotoni, na sikujua kama mpaka unapita hapo. Kijana akaniambia, "Mama, humu ndani sikushauri hata uombe." Tukateremsha banio hadi kwenye ardhi ya kijiji. Mita 42 za kimo zikawa 33.

Nikiwa na uchungu wa zile mita tisa nikaenda kwa mzee wa mfereji. Nilimwacha wa mwisho kwa sababu nilidhani ndiye rahisi. Chini ya maporomoko kuna watu wanalima nyanya na mahindi ya kuchoma kwa maji ya mfereji uliochimbwa na babu zao, na yeye ndiye anayegawa zamu. Nilimkuta anasuka kamba barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu unayetaka maji?"

"Siyatumii, baba, nayaazima tu. Yanapita kwenye bomba, yanazungusha mtambo, halafu nayarudisha mtoni. Hata kikombe hakipungui."

"Unayarudisha wapi?"

"Mtoni."

"Mto ni mrefu, mwanangu. Nauliza wapi."

Sikuwa na jibu. Akaweka kamba chini, akachukua fimbo, tukatoka. Mguu wake mmoja ulikuwa unamsumbua, tulitembea karibu nusu saa mahali ambapo mimi hutumia dakika kumi. Akasimama kwenye mawe yaliyopangwa yakasindiliwa kwa magogo ya migomba na udongo wa mfinyanzi. Ndiyo banio lao. Nikatazama juu, nikatazama chini, na moyo ukanishuka tumboni. Bomba letu lingechota maji mita 200 juu ya mdomo wa mfereji na kuyamwaga mita 100 chini yake. Maji yangerudi yote, kweli, hata kikombe kisingepungua. Yangerudi yakiwa yameshampita.

Nimesahihisha mitihani ya vijana wengi waliokosa alama kwa kusahau kuandika kipimio. Mimi nilisahau mfereji wenye watu.

Sheria, kumbe, ilikuwa imeshamweka mzee mbele yangu bila yeye kuisoma. Ile ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inapanga nani anakunywa kwanza: matumizi ya nyumbani, kisha mazingira ya mto wenyewe, ndipo shughuli za kiuchumi. Umeme wangu na nyanya zao tuko kundi moja la mwisho, lakini wao walikuwepo pale kabla sijazaliwa. Na maombi ya kutumia maji hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Mzee angeweza kukaa kimya barazani kwake, aniache nitumie mwaka mzima na akiba yangu ya uzeeni, kisha aseme neno moja siku ya kutangazwa. Hakufanya hivyo.

Maombi ya maji milimani kwetu yanakwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Mtu akisikia jina anadhani ni mto Pangani peke yake, lakini bonde hilo kiutawala linabeba pia Umba, Msangazi na Zigi. Makao makuu yako Moshi, na Tanga mjini wana ofisi. Kijito chetu kinaingia Kihuhwi, Kihuhwi inaingia Zigi, Zigi inajaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayotoka kwenye bomba la jikoni kwangu hapa mjini. Lilinijia siku moja naosha vyombo. Maji ninayoyapigania kule juu nayanywa huku chini, tena natozwa bili.

Nilipeleka maombi Oktoba. Niliandika lita 178 kwa sekunde, namba ya chungwa. Maafisa walikuja kukagua mwezi wa pili, kiangazi kikali, vumbi jekundu limekaa kwenye majani ya migomba. Tuliwapeleka kijitoni. Yule mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya kawa, alisimama muda mrefu bila kusema.

"Mwalimu," akasema hatimaye, kwa upole ambao uliuma kuliko ukali, "hizi lita 178 ziko wapi?"

Kulikuwa na mawe. Katikati ya mawe kulikuwa na maji, ndiyo, yanayoweza kurukwa na mtoto wa darasa la kwanza. Nilipima mto wakati umelewa. Hakuna mtu timamu anayempima mtu uzito sikukuu ya Idi baada ya pilau.

Alitufundisha pale pale. Chukua bati nene, kata mkato wa pembe ya mraba wenye umbo la V, lisimamishe kukinga kijito chote, ziba pembeni kwa udongo na mifuko ya mchanga maji yote yapite kwenye mkato. Nyuma kidogo, mahali maji yametulia, simamisha rula, sifuri yake iwe usawa wa ncha ya chini ya V. Soma kimo cha maji. Basi. Siku ile bati lilipokaa vizuri rula ilisoma sentimita 24, ambayo ni lita 39 kwa sekunde.

Nataka nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo mahali ambapo kichwa cha mwalimu na kichwa cha mkulima vinaachana. Maji kwenye mkato wa V hayapungui sawasawa na rula. Sentimita 24 ni lita 39. Sentimita 19 ni lita 22 tu. Zimeshuka sentimita tano, urefu wa kidole gumba, na karibu nusu ya mto imeondoka. Mtu anayekitazama kijito kwa macho ataapa kwamba hakijabadilika. Nilimwonyesha mzee, nikajiandaa kueleza. Akasema, "Ndiyo maana zamu za Februari nazikata nusu." Alikuwa anajua kwa miaka sitini, bila bati.

Hesabu mpya nilizifanya usiku, kwa taa ya simu. Lita 39, toa 12 zinazobaki mtoni daima kwa ajili ya mto wenyewe na wanaochota kwa ndoo, zinabaki 27. Kimo mita 33. Kilowati 5 na kidogo. Kutoka 44. Mtoto wa kaka yangu alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. "Shangazi," akasema, "kwa hiyo tuache?"

Hatukuacha, ila tuliondoa maombi na kuanza upya. Tulimpa mjukuu wa mzee, wakati huo yuko darasa la sita, kazi ya kusoma rula kila asubuhi kabla ya shule na kunitumia ujumbe kwa simu ya mama yake. Malipo yalikuwa vocha na daftari. Mvua zikizidi maji yanaruka juu ya bati zima na anaandika "imefurika", nayo ni taarifa pia. Mwaka mzima wa namba za mtoto ndio uliotuambia kwamba lita 60 zinapatikana miezi mingi, na kwamba mtambo wa kilowati 11 hivi ndio wa kijito kile. Machungwa yangu sita yangetufanya tununue mtambo mara nne ya mto.

Humo katikati kuna ofisi moja ambayo sitaitaja, waliopoteza jalada letu mara mbili. "Afisa yuko safarini." "Rudi Jumatatu." Nilikuwa nimepeleka karatasi halisi, nikaondoka mikono mitupu, kama mtu anayekopesha bila shahidi. Mara ya tatu nilikwenda na nakala, nikasimama dirishani mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Jalada halijapotea tena tangu hapo. Sijui muhuri una dawa gani.

Upande wa mazingira nilitarajia vita na haikuwa vita. Sheria ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji au kingo za mto. Nikauliza, mtambo wa maji utakaa vipi mita 60 kutoka kwenye maji? Hauwezi. Ndiyo maana unaeleza kila kitu mapema: nini lazima kiwe mtoni na nini unakiweka huko kwa uvivu. Banio na kibanda cha mtambo havina pa kwenda. Mashine ya kusaga na kikaushio tulivipandisha juu, kwa sababu umeme unapita kwenye waya na hauhitaji kukaa karibu na kijito. Mchoro wa kwanza ulikuwa umevibana vyote pamoja ufuoni.

Mwaka 2021 nguzo za umeme wa vijijini zikafika. Kijiji kikashangilia, na mimi nikashangilia kwa nusu ya mdomo. Kuunganishwa kulikuwa shilingi 27,000, na kwa anayetumia kidogo, hadi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ilikuwa shilingi 100. Hakuna mtambo wa kijijini wenye akili unaoshindana na bei hiyo kwenye taa na simu. Kama tungekuwa tumejenga haraka kwa ajili ya kuuzia watu mwanga, tungefilisika kwa furaha ya wengine. Ila laini iliyofika kwetu ni ya fezi moja, haivuti mashine ya kusaga ya kutosha, na kikaushio kinakula umeme mpaka unatoka kwenye bei ya 100 na kuingia inayozidi mara tatu. Kwa hiyo tukaacha taa kwa nguzo, tukabaki na iliki na unga. Mradi ukapungua tena, na safari hii haukuniuma.

Kibali cha maji kilitoka na masharti ambayo mengi tuliyaandika wenyewe na mzee barazani kwake kabla ya mtu wa ofisi kuyaona. Lita 12 hazishikwi. Rula ikishuka chini ya sentimita 28, mfereji unafunguliwa alfajiri hadi saa saba mchana na mtambo unalala. Baada ya saa saba ni zamu yetu hadi usiku. Zile siku chache mbaya za Februari mashine haina nguvu ya kusaga, feni ya kikaushio tu ndiyo inazunguka. Mzee alitaka neno moja liongezwe: kwamba funguo za lango la banio ziwe mbili, mmoja kwake. Mtoto wa kaka yangu alipinga kwa mambo ya usalama wa mtambo. Nikamwambia ampe.

Mtambo ulianza kuzunguka Mei 2023, mwezi mmoja kabla ya ile miaka mitatu kwisha pamoja na nyongeza tuliyoiomba kwa yule mama, mbele ya mkutano, tumesimama. Sitaeleza habari za bomba na fundi, hizo kila mtu anazo.

Mjukuu wa mzee yuko sekondari sasa na ana simu yake. Ujumbe wa leo umeingia saa moja kasoro robo, nikiwa nachemsha chai kwa maji ya Mabayani:

"Bibi mwalimu, 26. Babu kashafungua mfereji."

Lita 48. Nikampigia mtoto wa kaka yangu, nikamwambia wenye mahindi waje saa saba.